Mwalimu Wake Kasoma kwa Nani? Ukoo wa Walimu wa Karate, kutoka Okinawa hadi Kwetu



Mwezi uliopita nyumbani kwetu tulikuwa na posa. Mtoto wa kaka yangu, ambaye mimi ni shangazi yake na ndiye niliyemfunga mtandio wake wa kwanza, ameposwa na watu wa heshima. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mshenga aliporudi na swali kutoka kwa mama wa kijana. Hakuuliza kama anajua kupika, wala kahitimu juzuu ngapi. Aliuliza hivi: "Tumesikia binti anakwenda karate, tena anafundisha watoto. Huyo aliyemfundisha ni nani, na yeye kasoma kwa nani?"

Baadhi ya wakubwa zangu walichukia, wakaliona ni swali la kutafuta sababu ya kuvunja. Dada yangu akasema, "Wanataka mke au wanataka mlinzi wa benki?" Mimi sikuchukia hata kidogo. Mtoto ukimpeleka chuoni humuulizi ustadhi kasoma kwa nani? Fundi wa kuchora piko humuulizi kajifunza wapi kabla hujampa mikono ya bi harusi? Elimu yoyote inayopita mkononi, si kwenye kitabu tu, huulizwa imetoka kwa nani.

Basi nikamwita mwenyewe, nikamwambia, "Nitajie." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu wake ni mwanamke mwenzake, anayewafundisha wasichana peke yao. Huyo alisoma kwa mwalimu wa Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam alisoma kwa waliosoma kwa Mmarekani mmoja, hivyo hivyo mpaka akafika kisiwa kinachoitwa Okinawa. Pale kwenye chumba chao cha mazoezi kuna picha tatu ukutani, wazee wa Kijapani waliovaa kanzu nyeupe fupi. Alizijua zote. Nilichoka kwa furaha, kisha nikakaa chini kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na mengine sikuyatarajia, hasa habari za wake zao.

Okinawa si Japani ile tunayoiona kwenye magari. Ni kisiwa, tena kwa miaka mingi kilikuwa na mfalme wake mwenyewe aliyekaa kwenye ngome ya Shuri. Ufalme wa Ryukyu uliishi kwa bahari kama walivyoishi watu wa pwani yetu: majahazi kwenda China, majahazi kurudi, hariri, dawa, vyombo, na maneno ya kigeni yaliyogeuka ya nyumbani. Mwaka 1609 watu wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani waliuvamia ufalme huo wakautoza kodi, na mwaka 1879 Japani ikaumaliza kabisa ikaufanya mkoa. Mchezo wa mikono ulikulia humo, katikati ya mila za wenyeji na elimu iliyoletwa kutoka bandari ya Fuzhou, China. Wenyewe waliuita "te", yaani mkono. Walifundishana usiku, nyuani, mtu na mwanafunzi wake mmoja au wawili.

Mmoja wa wazee wa zamani wanaotajwa sana ni Sokon Matsumura, aliyewatumikia wafalme wa Shuri kama mlinzi wao. Habari zake nyingi ni masimulizi, na mtu azipokee kama masimulizi. Lakini siwezi kuandikia mabibi harusi nikampita mkewe. Aliitwa Yonamine Chiru. Inasimuliwa kwamba alikuwa hodari wa mikono kuliko wanaume wa mtaa, na alisema hataolewa ila na mwanamume atakayemshinda. Matsumura alimshinda, wakaoana. Kisha kuna hadithi ya pili, ambayo wazee wa karate huisimulia kwa kicheko. Usiku mmoja mume alitaka kumjaribu. Akajifunika uso, akamvizia njiani akirudi kutoka kwenye sherehe. Bibi akamtandika, akamfunga kwenye mti kwa mshipi wake, akaenda zake nyumbani. Kama ni kweli au imetiwa chumvi, sisi tusiapie. Ninachokiona mimi ni kwamba watu wa kisiwa kile, walipotaka kumsifu mwalimu mkubwa kuliko wote, hawakuona aibu kumsimulia kapigwa na mkewe.

Katika wanafunzi wa Matsumura kulikuwa na Anko Itosu, aliyezaliwa mwaka 1831. Huyu ndiye aliyeitoa karate gizani akaipeleka shuleni. Mwaka 1901 ilianza kufundishwa kwenye shule ya msingi ya Shuri, na Itosu akatunga mafunzo mepesi yanayoitwa Pinan ili watoto wasiumie. Mwaka 1908 aliandikia wakuu wa elimu barua yenye mambo kumi. Natamani kila mama wa Kiislamu anayesita angejua jambo analoanza nalo barua hiyo. Anasema kwamba karate haikutoka katika dini ya Budha wala katika mafundisho ya Konfusio. Hakuwa akiwajibu Waislamu, maana hakuwajua. Lakini mwenye mali ndiye huyo kasema mali yake ni nini: mazoezi ya mwili na ya kujilinda. Kisha anasema si ya kumwonea mtu, na kwamba haijulikani haraka, mtu aendelee nayo pole pole kila siku kwa miaka.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nami nililiuliza: na ile kuinama je? Kuinama ni salamu ya Wajapani, dukani wanainamiana, njiani wanainamiana. Baadhi ya madojo ya Japani pia yana kijikabati cha ibada ya Kishinto ukutani, na watu hukielekea wakainama. Hilo si la kufumbia macho. Wanazuoni wetu wengi wamekataza kumwinamia mtu, na kuinamia picha ndiyo zaidi. Katika darasa la huyu mtoto wetu hawainamii chochote. Wanatoleana salamu yetu ile ile, mkono kifuani, basi. Wewe unayempeleka binti yako ingia uangalie wanavyoanza na wanavyomaliza, halafu ukiwa na shaka muulize shekhe wako.

Sasa nije kwa mwalimu niliyempenda kuliko wote, na niseme wazi kwamba niliyempenda hasa ni mkewe.

Gichin Funakoshi alizaliwa Shuri mwaka 1868. Alikuwa mtoto dhaifu, wa kuugua ugua. Alisoma karate kwa walimu wawili, Itosu na rafiki yake Azato. Anaeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alikwenda kwa Azato usiku baada ya usiku, taa mkononi, akarudi karibu na alfajiri. Majirani wakaanza kunong'ona: kijana huyu anatoka wapi saa hizi? Wakahitimisha kuwa anatoka kwenye nyumba za wanawake wabaya. Masikini, kumbe alikuwa akirudia kata moja ile ile miezi na miezi, na mwalimu amekaa barazani anamwambia tu, "Tena." Kata tatu za Tekki zilimchukua miaka kumi.

Kijana huyu alifaulu mtihani wa kuingia chuo cha utabibu Tokyo lakini hakwenda. Sababu ilikuwa nywele. Serikali ilitaka wanaume wakate kile kishungi cha utosini, na familia yake iliona kukikata ni kuitukana jadi. Alipopata kazi ya ualimu msaidizi mwaka 1888 ilibidi akikate. Siku aliyorudi nyumbani bila kishungi, baba yake alighadhibika. Mama yake hakuweza hata kumtazama, alipiga ukelele akatokea mlango wa nyuma, akaenda kwao. Nilisoma hapo nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Ni nyumba ngapi za kwetu mama amepiga ukelele kwa jambo ambalo miaka ishirini baadaye hakuna anayelikumbuka?

Mshahara wake wa kwanza ulikuwa yeni 3 kwa mwezi, na nyumbani kulikuwa na watu kumi wa kulishwa. Aliyeziba pengo ni mkewe. Alifuma nguo usiku. Asubuhi na mapema alikwenda kwa miguu kwenye kishamba chao kulima mboga, mara nyingine na mtoto mgongoni. Mwalimu wa shule kuonekana akilima na mkewe ilikuwa aibu siku zile, kwa hiyo Funakoshi alipomsaidia alivaa kofia pana ili asitambulikane. (Akina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu, mmeona. Hata kwa kofia, alikwenda.)

Mke huyu hakuandikishwa popote kuwa mwanafunzi. Alijifunza kwa kumtazama mumewe. Akichoka na kazi, badala ya kulala alitoka uani kufanya kata, na mwili ukapata nafuu. Watu wa mtaani walipokuja kufanya mazoezi na mume hayupo, yeye ndiye aliyewasahihisha. Majirani walipogombana, au walevi walipotaka kushikana, aliitwa yeye kuwapatanisha. Funakoshi mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya, na aliyaandika kwa fahari. Katika madojo ya dunia picha ya mume imetundikwa maelfu ya mara. Ya mke mimi sijaiona hata moja.

Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya Wizara ya Elimu. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi, na alitarajia kurudi kwao baada ya muda mfupi. Hakurudi. Aliombwa abaki afundishe, akapata chumba kidogo kwenye bweni la wanafunzi wa Okinawa, akalipa kwa kufagia, kumwagilia bustani na kulinda mlango. Siku moja alifika mwandishi wa gazeti, akamkuta mzee anafagia, akamuuliza mwalimu wa karate yuko wapi. Mzee akasema subiri kidogo. Akapanda juu, akabadili nguo, akashuka: "Mimi ndiye Funakoshi." Kutoka kwake ilikuja karate ya Shotokan, jina lililotokana na Shoto, jina alilotumia kutungia mashairi. Ni katika mikono yake, tarehe 10 Aprili 1924, ndipo mikanda myeusi ya kwanza ya karate ilipotolewa, kwa desturi iliyoazimwa kutoka judo.

Na mke? Alibaki Okinawa. Hakutaka kuyaacha makaburi na wajibu wa wazee wao. Miaka zaidi ya ishirini, bahari katikati. Vita vilipoipiga Okinawa mwaka 1945 alihamishiwa Oita, kisiwa cha Kyushu. Dojo la Tokyo nalo liliteketea kwa mabomu, na mtoto wao Yoshitaka alifariki mwaka huo huo. Funakoshi akaacha yote akamfuata mkewe Oita, wakaishi pamoja wakitafuta chakula kwa shida mpaka bibi alipofariki mwaka 1947. Yeye aliishi miaka kumi zaidi. Mimi nasema hivi, na dada yangu hakubaliani nami: alichelewa. Dada yangu anasema nyakati zilikuwa ngumu na mke ndiye aliyekataa kuhama. Labda. Lakini mabibi harusi, jambo la nani atakaa wapi lizungumzeni mapema.

Karate ya mtoto wetu lakini si ya Funakoshi. Ni ya upande wa pili wa kisiwa, mji wa bandari wa Naha, na inaitwa Goju-ryu. Picha ya kwanza ukutani mwao ni ya Kanryo Higaonna, aliyezaliwa mwaka 1853, mtoto wa mwenye mashua ya kubeba kuni. Akiwa kijana alivuka kwenda Fuzhou akasoma kwa mzee anayetajwa kwa jina la Ryu Ryu Ko, ambaye inasimuliwa kazi yake ilikuwa ususi wa mianzi. Kwanza alitumwa kazi za nyumbani kwa muda mrefu, kama wanafunzi wa chuo wa zamani wetu walivyochota maji ya mwalimu. Alirudi Naha akauza kuni, akafundisha wachache. Alikuwa mkali, na somo lake kubwa lilikuwa Sanchin: kusimama, kupumua na kukaza mwili, huku mwalimu anapita anapigapiga mabega kuona kama umelegea. Alifariki mwaka 1915.

Wa pili ni Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 katika familia tajiri. Alianza kwa Higaonna akiwa na miaka kumi na minne hivi, akabaki naye mpaka mzee anafariki. Mwanafunzi wa tajiri kwa mwalimu muuza kuni: hilo peke yake nililifikiria sana. Mali yake nyingi iliishia kwenye utafiti wa karate, pamoja na safari za China. Jina Goju, yaani ugumu na ulaini, alilitoa kwenye kitabu cha zamani cha Kichina baada ya mwanafunzi wake Jin'an Shinzato kuulizwa Tokyo karate yenu inaitwaje akakosa jibu. Vita vya 1945 vilimchukulia Miyagi baadhi ya watoto wake na Shinzato huyo huyo aliyetegemewa kumrithi. Baada ya vita alifundisha uani kwake, kundi dogo la vijana, mpaka alipofariki mwaka 1953.

Hapa ndipo swali la mama wa kijana linapopata uzito. Miyagi hakuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wake mikanda ya daraja. Alipokufa, wanafunzi waligawanyika juu ya nani hasa mrithi, na mzozo huo unaendelea hadi leo kwa watu wazima wenye mvi. Eiichi Miyazato, aliyekuwa polisi, alifungua dojo lake la Jundokan mjini Naha mwaka 1957. Huyo ndiye picha ya tatu. An'ichi Miyagi, ambaye si ndugu wa Chojun ingawa wanashirikiana jina, alifundisha upande wake, na Morio Higaonna akaipeleka duniani kupitia chama alichokiunda mwaka 1979. Kila upande una vyeti vyake. Kwa hiyo cheti kilichotiwa fremu si jibu la kutosha. Yeyote anaweza kuchapisha cheti, na mkanda mweusi unauzwa dukani kama mshipi wa suruali. Mwulize mwalimu alikaa miaka mingapi kwa mwalimu wake, na yule mwalimu yuko wapi ukitaka kumuuliza. Mkweli hujibu bila kukunja uso.

Goju-ryu ilifika Tanzania miaka ya 1970 kwa mkono wa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuja kuishi Dar es Salaam, enzi zile ambapo ndugu wengi wa Marekani waliiona nchi hii kama nyumbani. Dojo lililotoa walimu wengi lilikuwa katika Shule ya Sekondari Zanaki, na Zanaki, wengi mnajua, ni shule ya wasichana. Waliofanya mazoezi mle kwa wingi walikuwa wanaume. Sijui kama waliwahi kulifikiria hilo.

Kwa wanawake wenye kujisitiri mlango ulikuwa mwembamba kwa muda mrefu. Shirikisho la karate la dunia liliruhusu hijabu maalumu mashindanoni mwaka 2013 tu. Karate ilipoingia Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, wasichana wa Irani walipanda ulingoni vichwa vimefunikwa, na dhahabu ya uzito wa juu wa wanawake ikaenda kwa Feryal Abdelaziz wa Misri. Hakuna mwanamke wa Misri aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Basi nikaandika jibu. Niliandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, mshenga akaupeleka: mwalimu wake ni fulani, mwanamke, kasoma kwa fulani miaka kumi na moja, na fulani huyo yuko hai na simu yake ni hii. Darasa ni la wasichana watupu, pazia hufungwa, hakuna kuinama, na anayetaka kuja kuangalia aje. Chini nikaongeza jambo ambalo mtoto mwenyewe aliniomba, kwamba angependa liingie katika masharti ya ndoa: ataendelea kufundisha siku mbili kwa wiki. Kaka yangu aliona nimezidisha. Nikamwambia sharti likisemwa kabla ya akdi ni makubaliano, likisemwa baada ya mwezi ni ugomvi.

Siku nne hatukusikia kitu. Bi harusi alikuwa hali, akisema hali kwa sababu ya diet ya harusi, sisi tunamtazama tu. Siku ya tano alikuja mama wa kijana mwenyewe, bila mshenga, akakaa kwenye benchi la nyuma la darasa lao tangu mwanzo mpaka mwisho, mkoba mapajani. Aliwatazama watoto wakisimama Sanchin na huyu mkwe wake mtarajiwa akipita nyuma yao akiwagusa mabega. Baadaye alimuuliza mwalimu maswali mengi, mengine hata mimi nisingeyafikiria, kama ufunguo wa chumba hukaa na nani.

Amekubali. Ila Alhamisi hapana, kwa sababu Alhamisi kwao ni siku ya kukutana jamaa wote kwa chakula cha usiku. Tumeafikiana Jumatatu na Jumamosi.

Harusi ni baada ya Mfunguo Mosi, inshallah. Picha za piko nitawawekea.